Leza kwenye CNC ndogo: kazi iko kwenye waya wa ishara

Anayetaka kufunga leza kwenye CNC yake ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) huuliza kwanza: wati ngapi? Swali halali, ila si wati zinazoharibu kazi. Kazi huharibika pale bodi inaposhindwa kuiambia leza iwake lini na kwa nguvu gani. Leza yenyewe ni kitu cha kufunga kwa skrubu nne. Ishara inayoiongoza ndiyo inayotaka akili, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi hapa.

Tumalize la wati basi. Dayodi moja ya bluu, yenye mwanga wa nanomita 445 hadi 455, hutoa mwanga wa wati 5 hadi 6 hivi. Vichwa vya wati 10 au 20 vina dayodi mbili, nne au zaidi ambazo miale yake imeunganishwa kwa vioo na lenzi. Ukiona tangazo la "40W" kwenye kichwa kidogo chenye dayodi moja, hiyo ni hesabu ya umeme unaoingia, si mwanga unaotoka. Kwa mashine ya aina ya 3018 (CNC ya mezani yenye eneo la kazi la karibu sentimita 30 kwa 18), wati 5 za mwanga zinatosha kuchora mbao na ngozi na kukata plaiwudi nyembamba kwa kupita mara kadhaa.

Jambo la pili kabla ya waya ni macho. Leza ya wati 5 iko daraja la 4: hata mwanga uliorudishwa na kipande cha chuma unaweza kuunguza retina kabla hujapepesa jicho. Miwani ya plastiki inayotiwa ndani ya boksi kama zawadi usiiamini kwa sababu tu ina rangi ya kijani au ya machungwa. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye fremu au lenzi. Lazima yataje urefu wa mawimbi, kwa nanomita, unaojumuisha 445 hadi 455, pamoja na namba ya OD, yaani kiwango cha kuzuia mwanga. OD 5 maana yake hupita sehemu 1 tu kati ya 100,000. Miwani isiyo na maandishi hayo ni pambo. Na kila aliyemo chumbani anahitaji yake, akiwemo aliyepita kuchungulia tu.

Waya tatu, na kila mmoja na maana yake

Vichwa vingi vya leza vina waya tatu: chanya ya umeme (12V au 24V), hasi, na ishara ya PWM. PWM ni mapigo ya 5V yanayowashwa na kuzimwa haraka sana. Kadiri muda wa kuwaka unavyozidi muda wa kuzima, ndivyo leza inavyopata nguvu. Kwenye GRBL 1.1 (programu iliyo ndani ya bodi inayoongoza mashine) inayoendeshwa na bodi ya Arduino Uno, mapigo hayo hutoka pini D11 kwa karibu 980 kila sekunde, na ngazi za nguvu hazizidi 255.

Hapo kwenye D11 ndipo wengi wanaotumia CNC Shield V3, ubao unaochomekwa juu ya Uno, hukwama. Ubao huo uliandikwa alama kabla mpangilio wa pini haujabadilishwa. Palipoandikwa SpnEn ni D12, na siku hizi D12 ni swichi ya mwisho ya mhimili wa Z. PWM iko pale palipoandikwa Z+ na Z-, upande wa swichi za mwisho. Ukifuata maandishi, leza ama haitawaka kabisa au itakataa kubadilika nguvu, nawe utabaki unalaumu kichwa cha leza kisicho na kosa.

Bodi zinazokuja na 3018 zenyewe mara nyingi zina tundu la pini tatu lililotengwa kwa leza. Usilichanganye na tundu la mota ya kukatia. Pale kwenye mota, upande wa hasi ndio unaokatwakatwa na transista, kwa hiyo hiyo "hasi" si graundi ya kweli. Ukiunganisha waya wa ishara hapo, driva ya leza (saketi inayoipa dayodi umeme) itapokea volti za mota badala ya 5V, na inaweza kufa papo hapo. Vipo pia vichwa vya zamani vya waya mbili ambavyo hudhibitiwa kwa kukatakata umeme wake wenyewe. Vinafanya kazi kwenye tundu la mota ikiwa volti zinalingana, ila feni yake nayo hupungua kasi kila nguvu inaposhuka, na dayodi hupata joto isilolihitaji.

Kichwa cha wati 5 za mwanga hula umeme wa wati 20 na ushee, yaani karibu ampia 2 kwa 12V. Bodi ya 24V yenye tundu la 12V la leza haiwi na uwezo huo kila mara. Njia salama ni kuipa leza pawa saplai yake, ya ampia 3 kwa mfano huo, kisha kuchukua kwenye bodi waya mbili tu: ishara na graundi. Graundi hiyo ni ya lazima. Ishara ya 5V bila graundi ya pamoja haina cha kulinganishwa nacho, na leza itawaka ovyo au haitawaka. Kwenye waya wa chanya unaotoka pawa saplai weka swichi ya dharura ya kubonyeza, ile nyekundu ya uyoga, mahali mkono unapofika bila kupita juu ya mashine.

Halafu kuna rezista moja ndogo ambayo maelezo mengi hayaitaji. Kila kompyuta inapofungua mawasiliano ya USB, Arduino Uno hujianzisha upya, na kwa sekunde moja au mbili pini zake zote zinakuwa hazina amri. Waya wa PWM unaning'inia bila kujulikana ni 0 au 5. Baadhi ya driva huchukulia waya unaoning'inia kuwa "washa kikamilifu". Matokeo yake ni leza kufyatuka kwa nguvu zote wakati wewe umeinama kupanga ubao. Dawa ni rezista ya kiloohm 10 kati ya PWM na graundi, karibu na kichwa cha leza, ili waya ukikosa amri usome 0. Ukiwa umevaa miwani, na kipande cha mbao kikiwa chini ya leza, chomoa waya wa ishara upande wa bodi: leza ikibaki imezima, rezista inafanya kazi yake. Waya wa umeme wenyewe usiuchomoe wala kuuchomeka wakati saplai imewashwa. Dayodi hufa kwa mshtuko mfupi kuliko unavyoweza kuuona.

Kwa wenye bodi za ESP32 badala ya Uno: pini zake hutoa 3.3V. Driva nyingi za leza zinaisoma hiyo kama "ndiyo", nyingine zinasita na kukupa nguvu pungufu. Kama S (namba ya nguvu kwenye amri) ya juu kabisa inatoa mchoro hafifu na fokasi iko sawa, hapo ndipo pa kutafuta. Kigeuzi cha 3.3V kwenda 5V kinamaliza tatizo.

Pima kwa mita kabla ya kuwasha mwanga

Leza ikiwa haijaunganishwa, fungua programu ya kutuma amri, LaserGRBL au LightBurn, kisha tuma `$I`. Kwenye mstari wa OPT itafute herufi V. Ikiwepo, bodi yako inajua kubadilisha nguvu ya spindo (mota ya kukatia), na ndiyo njia hiyo hiyo leza inayotumia. Halafu tuma:

`$30=1000`
`$31=0`
`$32=1`

`$30` ni kiwango cha juu cha S, `$31` ni cha chini, na `$32` ndiyo inayowasha hali ya leza. Sasa weka mita kwenye volti za DC kati ya PWM na graundi, utume:

`G1 F1000`
`M3 S500`

Mita isome karibu 2.5V. Ukituma `S1000` isome karibu 5V, na kwa `M5`, amri ya kuzima, irudi 0. Hiyo `G1` ya mwanzo, amri ya mwendo wa kufanya kazi, si mapambo. Hali ya leza ikiwa imewashwa, GRBL hainyanyui ishara wakati mashine iko kwenye G0, kwa kuwa G0 ni mwendo wa kuhama tu. Anayetuma `M3 S500` peke yake mara baada ya kuwasha atasoma 0V na kuamini bodi imekufa.

Namba ya `$30` lazima ifanane na ile iliyo kwenye programu yako. Bodi ikiwa na `$30=10000` na programu ikahesabu mwisho ni 1000, nguvu haitavuka asilimia 10. Bodi ikiwa 1000 na programu ikatuma hadi 255, utapata robo tu. Kabla ya kusafisha lenzi, kukaza skrubu au kumwandikia muuzaji kwa hasira, linganisha namba hizi mbili.

Na kama mashine inadundadunda, inasimama kidogo kila rangi inapobadilika, huenda `$32` ni 0. Hapo bodi inadhani S ni mzunguko wa mota, na kila S mpya inamaliza kwanza miendo iliyopangwa ndipo iendelee.

M3 au M4

Zote mbili ni amri za kuwasha leza. M3 huweka nguvu ileile bila kujali mashine inaenda kasi gani. M4 huipandisha na kuishusha nguvu kulingana na kasi halisi: mashine ikiwa nusu ya kasi uliyoomba, nguvu nayo ni nusu. Ukichora mraba kwa M3, angalia pembe zake: kila kona ina doa jeusi, kwa sababu mashine hupunguza mwendo inapogeuka ilhali leza inaendelea kuunguza vilevile. Kwa M4 kona hutoka kama sehemu nyingine.

Lakini sababu inayonifanya nisimwambie mtu yeyote aanze na M3 si uzuri wa kona. Ni moto. Kompyuta ikilala, au waya wa USB ukilegea katikati ya kazi, bodi itamaliza amri ilizokwisha pokea kisha itasimama. Kwa M4 mashine iliyosimama ina kasi 0, basi nguvu nayo ni 0. Kwa M3 leza inabaki inawaka ikiwa imetulia juu ya nukta moja ya mbao, na hakuna wa kuizima. Zima usingizi wa kompyuta, ndiyo, ila tumia M4 pia. M3 iache kwa kukata, ambako nguvu ya kudumu inasaidia kumaliza kona vizuri, nawe umesimama hapohapo na kizimamoto karibu.

M4 ina udhaifu wake. Dayodi haitoi mwanga wa leza mpaka umeme uvuke kizingiti fulani. Kwa mchoro wa nguvu ndogo, asilimia 8 tuseme, nusu yake kwenye kona inaweza kuangukia chini ya kizingiti, na mstari ukakatika. Ukiona hivyo, pandisha nguvu na kasi kwa pamoja badala ya kurudi M3.

Kwa nini picha inachukua saa nzima

3018 huenda kwa skrubu ndefu inayosogeza milimita 4 kwa kila mzunguko. Mota ya mwendo ina hatua 200 kwa mzunguko, driva yake inazigawa kwa 16, hivyo ni hatua 800 kwa kila milimita. Ndiyo maana `$100` na `$101`, yaani hatua kwa milimita za X na Y, huandikwa 800. Kwa 2000 mm kwa dakika, bodi inatakiwa kutoa hatua kama 26,667 kila sekunde. Uwezo wa GRBL kwenye Uno ni karibu 30,000. Kwa hiyo hata ukiandika kasi ya 5000 kwenye programu, mashine hii haitaifikia. Ukihamisha vibanio vya driva hadi mgawanyo wa 8 na kuandika 400, dari la hesabu linapanda maradufu, ila mota nyingi ndogo hupoteza nguvu kabla ya kulifika.

Chukua picha ya sentimita 10 kwa 10, mistari ikiachana milimita 0.1, yaani DPI (nukta kwa inchi) 254. Ni mistari 1000 ya milimita 100, jumla mita 100. Kwa 2000 mm kwa dakika ni dakika 50 kabla hujaongeza za kugeuka.

Za kugeuka nazo si haba. Umbali wa kufikia kasi ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa mara mbili ya mchapuko, yaani jinsi kasi inavyopanda kila sekunde. 2000 mm kwa dakika ni 33.3 mm kwa sekunde, na `$120` (mchapuko wa X; `$121` ni wa Y) ikiwa 50, mashine inahitaji milimita 11 kila upande kabla haijafikia mwendo. Ukiweka 200 inahitaji chini ya 3. Pandisha `$120` na `$121` kwa vipande vya 50 hadi mota ianze kuruka hatua, kisha rudi nyuma kwa robo. Ikiwa kingo za picha yako zina weusi au weupe tofauti na katikati, ongeza pia nafasi ya ziada nje ya picha kwenye programu, isiwe chini ya umbali huo uliopiga hesabu.

Kuna dari jingine lililofichika zaidi. GRBL kwenye Uno huona mbele amri kama 15 tu, na siku zote hupanga iweze kusimama mwisho wa ile ya mwisho inayoijua. Picha ya kijivu ambayo kila nukta ya milimita 0.1 ina S yake inaipa bodi milimita 1.5 tu za kuona mbele. Kwa mchapuko wa 50, kasi inayoruhusu kusimama ndani ya milimita 1.5 ni kama 735 mm kwa dakika. Utaandika 2000, bodi haitakupinga, na kazi itakwenda kwa theluthi. Mchapuko wa 200 unakupa karibu 1470. Ndiyo maana ninapendelea picha za nukta nyeusi na nyeupe kuliko za kijivu: nukta zinazofuatana zenye nguvu sawa huunganishwa kuwa amri moja ndefu, na bodi inapata pumzi. Isitoshe, dayodi haipandi sawasawa kutoka kijivu hadi kijivu, hivyo ngazi nyingi za kijivu hazionekani kwenye mbao hata hivyo.

Ukichora kwenda na kurudi, herufi zikawa na meno pembeni, chora mstari uleule kwa kasi mbili, 500 na 1500. Meno yakibaki na upana uleule, ni ulegevu wa nati kwenye skrubu ya mwendo: kaza nati yenye springi au uibadilishe. Yakipanuka pamoja na kasi, ni kuchelewa kwa leza kuwaka na kuzima, na hilo hurekebishwa ndani ya programu kwa kusogeza mistari ya kurudi.

Fokasi na vitu vya kuchoma

Ukipewa kipimo cha umbali na mtengenezaji, kitumie. La sivyo, inua upande mmoja wa ubao kwa milimita 10 kwenye urefu wa milimita 100, chora mstari mmoja ulionyooka kwa nguvu ndogo, na utafute mahali ulipo mwembamba kuliko kote. Pima kutoka hapo hadi chini ya kichwa cha leza, ndio umbali wako. Usishangae mstari wa X ukiwa mwembamba kuliko wa Y au kinyume chake. Nukta ya dayodi ni mstatili, si duara. Kwa kukata, shusha fokasi hadi katikati ya unene wa ubao.

Akriliki isiyo na rangi haitakubali, mwanga wa bluu hupenya na kwenda zake kuchoma meza. Nyeusi inakubali. PVC usiiguse kabisa. Klorini yake hutoka kama gesi ya asidi inayokula mapafu yako na skrubu za mashine kwa pamoja. Plastiki usiyoijua ijaribu nje: pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha uurudishe motoni. Mwali wa moto wa kijani ni dalili ya klorini, itupe.

Plaiwudi ya milimita 3 kwa wati 5, anza na nguvu zote, 250 mm kwa dakika, mara tatu, hewa ya pampu ndogo ikipuliza pale mwale unapogusa. Bila hewa, moshi unarudi juu na kuganda kwenye lenzi, lenzi yenye masizi inameza mwanga, inapata joto na hatimaye hupasuka. Ifute kwa pamba na isopropili ikiwa imepoa.

Kurudisha mota ya kukatia

Kama leza imefungwa pembeni mwa mota na si badala yake, zishike nafasi mbili. Toboa kidoa kwa kijembe (chombo cha kukatia kinachofungwa kwenye mota) cha ncha, ukiwa hapo tuma `G10 L20 P1 X0 Y0`. Sogeza mpaka nukta hafifu ya leza ikae juu ya kidoa, tuma `G10 L20 P2 X0 Y0`. Sasa nafasi ya mwanzo G54 ni ya kijembe na G55 ni ya leza, na `$#` itakuonyesha tofauti yao. Iandike kwa kalamu kwenye fremu ya mashine, maana haibadiliki mpaka uhamishe kishikio.

Kisha `$32=0` kabla mota haijaguswa. Ukisahau, GRBL haitasimama S inapobadilika, na itaizima mota kila inapopita G0, hivyo kijembe kinaweza kuingia kwenye mbao kikiwa bado kinaamka, na kitakachovunjika ni kijembe.